Mbeba Kuni Aliyebaki

Katika miaka yote niliyofundisha sayansi shule za msingi, sikuwahi kuchora kipepeo ubaoni. Vitabu vyote vinamchora. Ukifika kwenye somo la mabadiliko ya wadudu unamkuta amekaa juu ya ua, amejiremba kama bibi harusi, na watoto wanakimbilia penseli za rangi. Mimi niliwaambia wazirudishe. Nilikuwa nakata tawi la mgunga nje ya darasa, tawi lenye kitu kinachoning'inia mfano wa mzigo mdogo wa kuni, naliweka mezani na kusema, somo letu la leo ni huyu. Walikuwa wananuna. Mkaguzi mmoja aliniuliza kwa nini nawaonyesha watoto takataka wakati kitabu kina picha nzuri, nikamjibu kwamba takataka ile imenilea. Jibu hilo hakuliandika kwenye ripoti yake.

Kwa wasiomjua, niseme. Yule ni nondo, ingawa ukimwona hutamdhania. Sisi watoto tulimwita mbeba kuni. Tangu akiwa kiwavi mdogo wa kulingana na punje ya wimbi, anajishonea mfuko kwa nyuzi zake mwenyewe, na juu ya mfuko anabandika vijiti alivyovikata kwa meno, kimoja kando ya kingine, mpaka unakuwa mrefu kuliko kidole cha mtu mzima. Anatembea nao popote. Anatoa kichwa na miguu sita ya mbele, anakula jani, anauvuta mzigo hatua moja, anakula jani jingine. Ukimgusa anaingia ndani na kufunga mlango. Masika yakiisha na kiangazi kikashika, anaufunga mfuko kwenye kitawi kwa nyuzi ngumu, anageuka kichwa chini, na safari zake zinaishia hapo. Ukitaka kumtoa itakubidi uvunje kitawi. Dume hutoka baada ya wiki kadhaa, mweusi, ana manyoya na mabawa, hana hata mdomo wa kulia, na siku zake chache zote ni za kutafuta mke. Jike hatoki. Hana mabawa wala miguu. Anamngoja dume humo humo ndani ya mfuko, anataga mayai humo, na anafia humo.

Hayo ya dume na jike sikuyatoa chuoni. Niliambiwa na Bibi, ambaye alichunga mbuzi utotoni na kuipasua mifuko hiyo kwa miiba ili aone kilichomo, maana alikuwa mtu wa kutaka kuona kilichomo. Alisema zamani mdudu huyo aliiba kuni za jirani, na wadudu wenzake wakamhukumu azibebe mpaka kufa. Nilimuuliza mbona dume anaruka na jike ndiye anayebaki kifungoni. Alisema, "Kesi ilisikilizwa na madume."

Huyu Bibi hakuwa mama wa mama yangu, wala mama wa baba yangu. Alikuwa mume wa mama yangu. Mkurya akisoma hapa ataelewa bila maelezo. Wengine wavumilie kidogo. Bibi aliolewa akazaa mabinti wawili, hakupata mtoto wa kiume, na mumewe akafariki. Kwa desturi zetu mwanamke wa namna hiyo ana njia mbili. Anaweza kurithiwa na ndugu wa marehemu, yeye na nyumba yake na ng'ombe wake. Au anaweza kutoa ng'ombe walioletwa kwa ajili ya mabinti zake, akaoa mke, na watoto watakaozaliwa na mke huyo wakawa wa nyumba yake, nyumba ikasimama. Shemeji yake alikuja kumrithi akiwa tayari na kigoda cha kukalia. Bibi alimpa uji, akamsindikiza hadi njiani, na mwezi uliofuata akaenda kumwoa mama yangu. Nikazaliwa mimi, kisha mdogo wangu wa kiume. Baba aliyenizaa alikuwa mtu wa jirani, mpole, aliyepita na kuondoka, na sina neno baya juu yake. Lakini nikiulizwa wakati ule mimi ni wa nani, nilijibu kwamba mimi ni wa Bibi.

Tulikaa juu kwenye kilima, upande wa Susuni, mahali penye mawe makubwa ambayo asubuhi yanakuwa baridi na jioni yana joto la kuegemea. Nyumba ilikuwa ya duara. Uzio ulikuwa wa migunga, na wabeba kuni walijaa humo mwaka hadi mwaka bila kumsumbua mtu, kwa sababu mgunga una nguvu za kuota upya na ndege walikuwa wakiwapunguza. Nina umri mkubwa sasa na nimelala katika nyumba nyingi, za bati na za vigae, na hakuna hata moja niliyoitamani namna ninavyoitamani ile. Namtamani Bibi akiwa ameketi kando ya uzio, anapepeta wimbi, ananiita nije nimwondolee kibanzi kidoleni. Naandika haya ili nikae naye kidogo.

Kisha ikaja habari ya vijiji. Redio ilikuwa imesema kwa muda mrefu, lakini redio ilikuwa inasema mambo mengi. Siku moja akaja katibu na daftari, kijana mfupi mwenye shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi shingoni, akawa anapita boma kwa boma kuandika kaya zitakazohamia kijiji kipya cha ujamaa chini barabarani. Alifika kwetu, akaamkia vizuri, akapewa kigoda.

"Mkuu wa kaya hii ni nani?" aliuliza.

Mama akamwonyesha Bibi kwa kidevu. "Ni huyu."

"Namaanisha mume wako, mama."

"Ndiye huyu."

Katibu hakuwa Mkurya. Alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akaanza kugeuza geuza kalamu. Alisema daftari lina sehemu ya mume, na sehemu ya mke, na sehemu ya wategemezi, na yeye hakulitengeneza. Mwishowe aliondoka akaenda kuuliza kwa shemeji, na shemeji alimwambia anachotaka kusikia. Tukaandikwa chini ya shemeji: mama yangu, mimi na mdogo wangu, wategemezi. Kiwanja chetu kikawa kipande cha kiwanja chake. Bibi hakuandikwa popote, sijui kwa kusahauliwa au kwa kukosa sehemu.

Alipoambiwa, hakupiga kelele. Alimwambia Mama ahame na watoto, kwa sababu shule inahamia huko na hospitali imeahidiwa huko, lakini yeye hatakwenda kulala katika nyumba ya shemeji ambaye yeye mwenyewe alimkataa tangu ujana. Nililia. Nilimshika kanga na kumuuliza atahama lini. Kilikuwa kiangazi, na wabeba kuni walikuwa wamejifunga kwenye migunga, wameng'ang'ania. Akanyoosha mkono akanionyesha.

"Nitahama siku hawa watakapohama," alisema.

Tukahama bila yeye. Watu waling'oa milango na boriti wakazibeba, wengine kwa punda, wengine kichwani, wakateremka. Kijiji kipya kilikuwa cha mistari. Nyumba zilipangwa mstari, vyoo mstari, na mbele ya ofisi hadi kwenye viwanja vyetu walipanda miche ya mivinje iliyokuja kwa lori, nayo mstari. Mwenyekiti wa kijiji aliipenda ile mivinje kuliko watoto wake. Wageni wakija, alianza kuwaonyesha mivinje kabla ya kuwapa maji.

Bibi hakuhamishwa. Mgambo walipanda mara mbili, akawapa uji, wakashuka. Walipolifungua daftari walikuta kaya zote za kilima kile zimekwisha kuhama. Nyumba ya Bibi haikuwa na mtu kwa mujibu wa maandishi, na ni vigumu kumhamisha mtu ambaye hajaandikwa. Kila Jumamosi nilipanda kumwona. Ilikuwa safari ya asubuhi nzima kwa miguu ya mtoto, na nilipokuwa nashuka jioni nilishuka kinyumenyume sehemu ya kwanza ya njia, ili nimwone mpaka jiwe kubwa lifiche uzio.

Nilikuwa na miaka tisa, na nililichukua neno la mtu mzima jinsi lilivyosemwa. Alikuwa amesema atahama wale wakihama. Basi Jumamosi moja nilipanda na panga la Mama. Bibi akiwa ameteremka kuchota maji, nilikata matawi ya uzio yenye mifuko mingi kuliko mengine, nikayafunga mzigo, nikaweka ngata kichwani, nikajitwika na kuondoka bila kuaga. Miiba ilinichana masikio. Mama aliniona nikiingia na mzigo kichwani akadhani nimeleta kuni, akanisifu. Uzio hatukuwa nao bado, kulikuwa na mivinje tu inayopita ukingoni mwa kiwanja, kwa hiyo niliyafunga yale matawi kwenye mivinje, mmoja baada ya mwingine, kwa kamba za mkonge, kwa uangalifu mkubwa.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia Bibi, "Wamehama."

Aliutazama uzio wake uliokatwakatwa. Akanitazama masikio. "Wamehamishwa," alisema, akarudi kwenye wimbi wake. Nilimngoja aanze kufunga mizigo. Hakufunga kitu. Aliposimama ilikuwa kunipaka mafuta ya ng'ombe kwenye mikwaruzo.

Mvua za vuli ziliponyesha, mayai yaliyokuwa ndani ya mifuko ya majike yalianguliwa. Watoto wa mbeba kuni ni wengi mno, mamia katika mfuko mmoja. Hutokea chini ya mfuko, kila mmoja anajishusha kwa uzi wake, na upepo ukipita unawabeba na nyuzi zao hadi mti mwingine. Niliwaona asubuhi, nyuzi zikimetameta kwenye mivinje, nikafurahi. Nilidhani nimepanda uzio. Miche michanga haina nguvu za mgunga, na ndege wa kilimani hawakuwa wamehama nasi. Masika yalipofika katikati, mivinje ya mwenyekiti ilikuwa fito tupu, na kila ufito umesheheni mizigo ya kuni inayotembea.

Mwalimu aliuliza darasani ni nani ajuaye wadudu hawa wametoka wapi. Nilinyoosha kidole. Nilijibu kwa fahari kwamba ni wa Bibi.

Mkutano uliitishwa mbele ya ofisi. Utaratibu wa kijiji ulikuwa kwamba kosa la mtoto linajibiwa na mkuu wa kaya, kwa hiyo likatajwa jina la shemeji. Alisimama haraka kuliko nilivyowahi kumwona akisimama. Alisema yeye hana mtoto wa namna hiyo, yule mama na watoto wake si wa kwake, na nyumba yao ni ya yule mwanamke aliyebaki juu. Watu wote walimsikia. Akatumwa mgambo, na siku ya pili yake Bibi akateremka hadi kijijini kwa mara ya kwanza, amevaa kanga yake ya kwenda msibani, na fimbo.

Mwenyekiti alimwamkia shikamoo, akaitikia. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya Mama, nimeshika mguu wa mdogo wangu aliyekuwa mgongoni. Nilijua nimemletea aibu, na bado moyo wangu ulikuwa unaruka kwa sababu alikuwa amesimama pale, kijijini kwetu.

"Mama, wadudu hawa ni wa nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni wangu."

"Na mtoto aliyewaleta?"

"Ni wangu. Na yule aliyembeba mdogo wake ni mke wangu."

Watu wachache walicheka, wale wa kutoka mbali. Mwenyekiti alikuwa Mkurya, hakucheka. "Kwa hiyo unajibu kama mkuu wa kaya."

"Kama kuna mwingine, mniambie nirudi kwangu. Nina wimbi juani."

Shemeji alikuwa anachunguza ndara zake za matairi. Mwenyekiti akamwambia katibu aandike, na katibu akaandika kwenye daftari la makosa, jina la Bibi, na mbele yake: mkuu wa kaya. Bibi alimfuata hadi mezani. Hakujua kusoma, lakini alitaka aonyeshwe kwa kidole ni mstari upi.

"Soma, mura," alimwambia, jinsi Wakurya wanavyomwita kijana wa kiume.

Katibu akasoma. Adhabu ilikuwa kuwaokota wabeba kuni wote kwa mkono, katika kila mvinje, na kumpelekea yeye. Akiridhika kwamba hakuna hata mmoja aliyebaki, angeupiga mstari ule kalamu nyekundu, kosa likafutwa.

"Mkuu wa kaya analala wapi wakati wa adhabu?" Bibi aliuliza.

Mwenyekiti alifikiri. Alionekana anaona mahali anapoongozwa, na hakupata njia ya pembeni. "Kwenye kiwanja cha kaya yako."

"Kinaitwa changu?"

"Mpaka umalize adhabu. Ukimaliza tutaliangalia tena."

"Hapo sawa," alisema Bibi.

Nimeishi miaka mingi tangu wakati ule, nimeolewa, nimezaa, nimesifiwa na kupewa cheti siku ya kustaafu. Sijawahi kuwa na furaha niliyokuwa nayo siku zile za kuokota wadudu. Tulianza umande ukiwa bado majanini. Bibi alishika upande wa juu wa mti, mimi wa chini, gunia katikati yetu. Kila mfuko ulitoa mlio mdogo ulipobanduliwa. Alinifundisha kutambua wenye afya kwa uzito wao mkononi. Alizungumza na wadudu kwa Kikurya, akiwalaumu kwa kukubali kuhamishwa na mtoto. Mchana Mama alituletea uji kwenye kibuyu, tukanywa tumeketi chini ya fito zisizo na kivuli, na Bibi aliwasalimu wote waliopita njiani kwa sauti ya mwenye mji.

Lakini niliona miti inaanza kusafishika. Nilihesabu mivinje iliyobaki nikaelewa kwamba tukifika ule wa mwisho, wangeliangalia tena, na Bibi angerudi kilimani. Nikaanza wizi. Jioni, kabla gunia halijapelekwa kwa katibu, nilikuwa natoa wabeba kuni kiasi cha mikono miwili na kuwarudisha kwenye miti tuliyoimaliza. Walikuwa hai, wakatoa miguu wakashika matawi na kuendelea kula bila kinyongo. Nilifanya hivyo siku nne.

Siku ya tano Bibi alisimama mbele ya mvinje mmoja kwa muda mrefu. Alishika mfuko uliokuwa na kijiti kimoja kilichozidi wenzake urefu, akaugeuza.

"Huyu nilimtoa juzi," alisema. "Kuna mtu anawarudisha."

Niliinama kufunga mdomo wa gunia, naye akaendelea.

"Simjui ni nani. Ukimwona, mwambie akirudisha wengi nitakufa naokota, na mgongo wangu si wa chuma. Mmoja anatosha."

Akauachia ule mfuko pale pale ulipokuwa. Tuliokota wote waliobaki kwa siku sita zaidi, hatukuacha hata mdogo, isipokuwa yule mwenye kijiti kirefu kwenye mvinje wa pembeni mwa kiwanja chetu. Bibi akaenda kwa katibu na gunia la mwisho. Katibu akapita kukagua, kalamu yake nyekundu mfukoni, akafika pembeni, akatazama juu.

"Bado mmoja, bibi."

"Macho yangu yamechoka, mura. Nitamtoa kesho."

Hakumtoa kesho. Wiki iliyofuata katibu alipita tena akasema bado mmoja, akajibiwa kesho. Ikawa ndiyo salamu yao. Katibu angeweza kuuinamisha mti na kumtoa mwenyewe kwa kufumba na kufumbua. Nilimchukia katibu yule kwa miaka mingi kwa sababu ya daftari lake la kwanza, na nimechelewa kukiri kwamba alikuwa mtu mwema. Boriti za nyumba ya kilimani zililetwa, ikajengwa nyumba ya duara katikati ya nyumba za mistari, na hakuna aliyeigusa. Mlango ulikuwa wa Bibi. Shemeji alipita mbali.

Kiangazi kikaja, mbeba kuni wetu akajifunga kwenye kitawi. Nilikuwa nakwenda kumtazama kila siku nikitoka shule. Nilingoja dume atoke, hakutoka, tukajua ni jike. Vuli ikanyesha nikangoja watoto washuke kwa nyuzi, hawakushuka. Nilimuuliza Bibi ana nini.

"Hakuletewa mume," alisema. "Madume wote tuliwatia kwenye gunia." Akafikiri kidogo, akacheka peke yake mpaka akakohoa. "Angekuwa na ng'ombe, angeoa mke."

Alikaa nasi miezi kumi na saba. Siwezi kueleza ilikuwaje kuamka kila siku na kusikia anachochea moto. Aliugua kiangazi cha pili, kifua kwanza, kisha miguu, kisha akaacha kula. Hospitali ilikuwa bado ahadi. Mama alimpikia uji mwepesi, akawa anamlisha kwa kijiko kidogo kile cha mtoto.

Alasiri moja aliniita kitandani. Mkono wake ulikuwa mwepesi, nikaukumbuka uzito wa mifuko isiyo na afya.

"Nenda ukamtoe yule mmoja," alisema. "Mpelekee katibu apige mstari."

Nilimwambia akipiga mstari jina litafutwa.

"Lifutwe. Sitaki kuondoka na kosa kitabuni. Litamwangukia mama yako, na baada yake wewe. Nenda."

Nilitoka. Mvinje ule ulikuwa umeota tena na kunipita urefu, nikauinamisha, nikaushika mfuko. Ulikuwa mkavu. Leo ninajua kilichokuwemo, nimepasua ya namna hiyo mbele ya wanafunzi zaidi ya mara moja: jike aliyesinyaa tangu mwaka uliopita, bila yai lililoanguliwa. Siku ile nilijua jambo moja tu. Maadamu mfuko uko mtini, adhabu haijaisha, na adhabu isipoisha Bibi haendi popote. Ndivyo ilivyokuwa kwa miezi kumi na saba, na sikuona kwa nini isiwe hivyo tena. Niliuachia mti ukasimama. Nikaketi chini yake, mgongo kwenye shina, ili hata mtu mwingine asije akautoa. Nilikaa pale nikiulinda hadi kuku walipoanza kuingia ndani.

Niliporudi Mama alikuwa amesimama mlangoni, amemweka mdogo wangu chini, na nilijua kabla hajasema. Aliniuliza nilikuwa wapi wakati wote ule. Nikasema nilikuwa pale pembeni, kwenye mvinje. Mama alisema Bibi alianza kuniita mara tu nilipotoka, kwa sauti ndogo, akaendelea kuniita mpaka sauti ikamwishia. Nikauliza kama alitaka kujua habari za mfuko. Mama akasema hapana, mfuko hakuutaja. Alikuwa anasema nirudi.